Meli za Maharage

Karani wa barua hapa Mpemba hajawahi kuiona bahari, lakini kila Jumamosi huzamisha meli. Hutusomea gazeti la vita, kisha hupanga maharage mezani, ndiyo meli katika bandari ya Kolombo, na mkono wake wenye wino huwa ndege. "Buuu!" Maharage huruka, wanaume hushangilia, naye huinyoosha tai. Jumamosi iliyopita aliangusha saba. Nikamwuliza, "Baba karani, na watu waliokuwamo?" Akalipekua gazeti mbele na nyuma. "Wameandika meli tu, Mama Lusungu." Kisha akanitazama. Barua zangu kwa Lusungu, mwanangu askari, huziandika yeye. Anwani ni Kolombo. Akapiga magoti, akaanza kuokota maharage sakafuni, akiyapuliza vumbi. "Hili lilipona, mama," akasema. "Na hili."