Mashua ya Feni na Swali la Mkunga

Nakumbuka alasiri moja ya mvua ya mawe pale Litein, mwanangu, mwanamke mgeni aliposimama katikati ya karakana yetu, maji yakimchuruzika kwenye sweta, akatuuliza swali ambalo mimi na mwenzangu tulikuwa tumelizunguka msimu mzima bila kuliona. Jumapili baada ya ibada uliniuliza kama katika mashua yako ya feni ufunge mkanda au giaboksi. Sikukujibu papo hapo. Jibu lake halitoshi katika salamu za mlangoni mwa kanisa. Keti basi, chai ipo.

Ukishuka kutoka kwetu, ukapita Fort Ternan na mashamba ya miwa, ukaendelea hadi ziwani, utafika mahali ambapo gugumaji limefunika maji kama zulia. Mashua ya kawaida ikiingia humo, propela yake iliyo majini hufungwa na mizizi mara moja. Mashua ya feni ni bapa chini, na propela yake inasimama juu, nyuma ya dereva, ikisukuma hewa tu. Hiyo hupita juu ya gugu kama bata.

Yule mgeni, Mama Akinyi, alikuwa mkunga wa huko. Alikuwa akiwafuata wajawazito ng'ambo ya maji. Msimu uliotangulia, mtumbwi wa makasia ulinaswa na gugu tangu asubuhi hadi jua linazama, naye yumo ndani na mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa humo humo, kati ya nyavu na ndoo. Alipona.

"Mungu alikuwa kazini siku hiyo," alituambia baadaye, "lakini siwezi kumpa Mungu kazi hiyo kila wiki."

Kanisa lao likachangisha, wakatafuta mafundi, kazi ikapanda mlima hadi kwetu. Ilitufikia kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kiwanda cha chai, upande wa feni kubwa zinazonyausha majani kabla ya kusagwa. Watu walisema: huyu kijana wa feni ataweza. Mwenzangu alikuwa Nyabuto, mchomeleaji, ambaye baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai akabaki. Mkono wa Nyabuto ulikuwa mtulivu kuliko wa mtu yeyote niliyemjua. Mdomo wake haukuwa hivyo.

Tatizo lilikuwa hili. Injini hupenda kukimbia, na propela kubwa hupenda kwenda taratibu. Kati yao lazima kiwepo kitu cha kupunguza mwendo. Mimi nilitaka mkanda: puli ndogo, yaani gurudumu la kuzungushia mkanda, kwenye injini, puli kubwa juu kwenye propela. Mkanda ni mwepesi, haunywi oili, unameza mtikisiko, na unaruhusu injini ikae chini huku propela ikiwa juu, ili mashua isipinduke. Ukitaka kubadilisha mwendo, unabadilisha puli. Nyabuto alitaka giaboksi: meno ya chuma ndani ya sanduku la oili, yasiyojua mvua wala vumbi, na yasiyoteleza.

"Mkanda kazi yake ni kushika suruali," alikuwa akisema.

"Na giaboksi yako haishiki hata hiyo," nilimjibu.

Tulicheka mwanzoni. Kisha tukajaribu vyote viwili kwenye bwawa la jirani, katikati ya mashamba ya chai, na kicheko kikaisha, maana kila mmoja alipata ushahidi wake. Giaboksi ya Nyabuto ilisukuma kwa nguvu, lakini uzito wake ulikalisha mashua kitako, pua ikatazama mbinguni, na kelele yake iliwafanya wachumaji waweke vikapu chini waje kututazama. Mkanda wangu ulikwenda vizuri mpaka maji yaliporuka juu yake. Ukalia kama nguruwe, ukateleza, mashua ikapoteza mwendo. Fahari wawili hawakai zizi moja. Ikafika mahali tukawa tunakula chakula cha mchana kila mmoja upande wake wa karakana, yeye akihesabu aibu za mkanda, mimi nikihesabu aibu za giaboksi, na mashua imekaa katikati yetu haina kitu.

Hapo ndipo Mama Akinyi alipokuja kuona kazi yake, na mvua ikamkuta njiani. Mke wangu alimletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu yaliyotiwa mkaa, akayanywa bila kusita.

"Baridi yenu hii mnaiweza namna gani, wanangu? Mbona mashua yangu haina mgongo, feni iko wapi?"

Tukaanza kusema kwa pamoja. Nilieleza uzuri wa mkanda, Nyabuto akaeleza uzuri wa giaboksi, kila mmoja kwa ufasaha wa mtu aliyejizoeza usiku kitandani. Akatusikiliza wote. Halafu akaweka kikombe chini.

"Nyinyi mnanieleza vile hiyo kitu itakimbia. Mimi ndiye nitakuwa ndani ikisimama. Kila mmoja aniambie yake itaharibika namna gani."

Tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Jino linaweza kuvunjika, mama," Nyabuto akasema. "Lakini si rahisi."

"Likivunjika?"

"Tunaita fundi wa kuchonga vyuma. Wako Kisumu."

"Na mimi?"

"Utangoja kidogo."

"Na mwenye uchungu, atangoja?"

Nyabuto akarudi kwenye giaboksi yake, akaanza kuipangusa. Mimi nikajaa furaha, mwanangu, furaha mbaya ile. Nikadakia: "Mkanda wangu ukikatika, mama, unafunga mwingine tu. Unakaa na mwingine chini ya kiti. Ni kazi ya dakika."

"Nionyeshe."

Nikachukua spana, nikaisogelea fremu yangu ya majaribio iliyosimama ukutani, injini na propela zikiwa juu yake. Ili kutoa mkanda ilinibidi nifungue kizimba cha waya kinachoizunguka propela, kisha propela yenyewe, kisha beringi ya nyuma inayoshika mhimili, chuma kinachoizungusha propela, kwa sababu nilikuwa nimeiweka puli katikati ya beringi mbili, kama tulivyofanya kiwandani. Kule kiwandani feni inakaa juu ya saruji, inavuma kwa mwendo mmoja tangu majani yamwagwe mpaka yanyauke, na ikisimama kuna mafundi wa zamu, kuna ngazi, kuna taa. Sikuwa nimetengeneza mashua. Nilikuwa nimechukua kiwanda cha chai nikakiweka juu ya maji. Mvua ilinyesha, ikakatika, na mkanda ulikuwa bado haujatoka. Mama Akinyi alikuwa amemaliza mursik yote, akaanza kulitia jiko letu mkaa kama aliye kwake.

"Dakika zenu za huku milimani ni ndefu," akasema.

Nyabuto ndiye aliyecheka kwanza. Nami nikacheka, nikiwa na grisi hadi viwikoni. Ndipo yule mama akatukemea, na hakupaza sauti. Alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mmeshindana nani ana akili. Akili mnazo, nimeona. Sasa nipeni mashua."

Alipoondoka, Nyabuto alisogea karibu na mhimili wangu akautazama kwa muda mrefu.

"Hii puli ikikaa huku nje, mbele ya beringi, kama gurudumu la mkokoteni," akasema, "mkanda si utatoka bila kufungua kitu?"

"Itaelemea beringi," nikasema.

"Basi weka beringi kubwa. Fremu niachie mimi."

Alichomelea fremu mpya kwa mkono wake ule mtulivu. Akaweka wenzo mmoja wa kulegeza mkanda, na kifuniko cha bati kuzuia maji yasiurukie. Mimi nikanyoosha puli kwa uzi mpaka zikatazamana sawasawa, maana mkanda uliopinda huliwa upande mmoja. Nikaacha pia tabia ya kiwandani ya kuukaza mno, kwani mkanda uliokazwa kupita kiasi hautelezi, lakini unaua beringi kimyakimya. Siku ya kuishusha mashua, mama yangu mzazi aliinyunyizia maziwa kama tunavyofanya kitu kikitoka nyumbani kwenda mbali, na Nyabuto akavua kofia.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea nilipopigiwa simu na Mama Akinyi.

"Mkanda wenu umekatika," akasema. "Katikati ya gugu. Kelele pu, halafu kimya."

 Nilimwona akilini mjamzito nisiyemjua, amelala humo anasubiri. "Halafu, mama?"

"Halafu Omondi dereva akafunga mwingine. Hata sikumaliza kuomba. Mtoto ni msichana, analia kama feni yenu."

Nilimpa Nyabuto simu asikie mwenyewe. Aliporudisha alisema, "Giaboksi isingekatika."

Na huenda ni kweli, mwanangu. Sikubishana naye siku ile na sibishani hadi leo. Miaka iliyofuata tulitengenezea wachimba mchanga mashua nzito ya kubeba mizigo kutwa, karibu na mji, ambako fundi yupo ng'ambo ya barabara. Ile tuliifungia giaboksi, na mimi ndiye niliyeipendekeza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Unapopima vitu viwili, usianze na sifa zao, maana kila kitu kina sifa, na mwenye kukipenda hakosi maneno. Anza na kuharibika kwao. Uliza kitaharibika namna gani, kitakuonya au hakitakuonya, nani atakuwa amekikalia wakati huo, na mkononi mwake atakuwa na nini. Kisha usijibu kwa mdomo. Shika spana, ufungue, mwenye kazi akiwa amesimama anakutazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini ni kwa yule tu aliyefikiria koleo la pili kabla ya moto kuwaka. Na ukikosana na mwenzako juu ya kitu, mpelekeeni yule atakayekitumia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sisi tuliponywa na mgeni aliyelowa mvua.

Mashua yako wewe utaitumia wapi, na nani? Niletee jibu hilo, tuje tuulizane habari za mkanda.

Mungu akuongoze mikono, mwanangu. Akupe mwenzi wa kazi anayekupinga bila kukuchukia. Kinachotoka mkononi mwako kifike kule kiendako, na kikisimama njiani, aliyekipanda asimame nacho kidogo tu, kisha aendelee na safari. Chai yako imepoa. Lete kikombe nikuongezee.