Hatua Sabini na Mbili

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili: chenji, magunia, hata ngazi za nyumba ya wageni. Kwa hiyo nilipofunga mtandao kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Handeni, wa kupeleka majibu kutoka maabara hadi chumba cha daktari, nilikagua mara mbili. Taa ya mashine ya upande wa maabara ikawaka kijani mara zote mbili. Kwa daktari kulikuwa na foleni, sikwenda kuangalia. Nikarudi Korogwe kifua mbele.

Kesho yake wakaniita. Nilikuta mama wa Kimaasai kambeba mwanawe, homa imempanda. Damu ilishapimwa tangu asubuhi. Daktari kasimama mlangoni mwa maabara, hawezi kuandika dawa bila jibu.

"Nimetuma, dokta!" akasema mtu wa maabara. "Taa hiyo hapo, kijani."

"Taa nimpe mgonjwa anywe? Kwangu hakijaingia kitu."

"Basi mashine yako kiziwi."

Yule mama akanigeukia mimi. "Fundi, taa yako inasema kijani. Mwanangu anasema moto. Nimwamini nani?"

Jibu la mtoto lilikuwepo maabara. Nikaomba liandikwe kwenye karatasi, nikavuka nalo uwanja pamoja na daktari. Malaria. Akaanzishiwa dawa palepale.

Ndipo nikaufuata waya. Ndani yake mna nyuzi mbili za kioo, mmoja hupeleka, mwingine huleta. Wa kupeleka ulikuwa umevunjika pale nilipoukunja mimi mwenyewe kwenye kona ya ukuta. Wa kuleta ulikuwa mzima, na taa ya maabara hutazama huo tu. Mashine ilisikia, ikadhani inasikika. Nami nilihesabu mara mbili, zote nikiwa nimesimama upande mmoja.

Nikabadilisha waya, kisha nikazipangia mashine zote mbili adabu: kila moja itaje jina lake na ingoje mwenzake alirudishe. Lisiporudi, ifunge njia na kuzima taa. Nikachomoa uzi mmoja makusudi, nikaenda kuona taa zilivyozimika, kila moja kwake.

Mtu wa maabara hakupendezwa. "Yaani ikikosa kuitikiwa inajifungia? Fundi, si umetuharibia?"

"Ilikuwa inakudanganya. Sasa ikizima, unajua. Shika karatasi, utembee hadi kwa daktari."

"Mbali, bwana."

"Hatua sabini na mbili," nikamwambia. "Nimezihesabu kwenda, nikazihesabu na kurudi."