Visa ya kazi Gulf: agent wa Eldoret aliyefundisha wasichana kusema wanaenda kwa auntie

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa kazini, agrovet ya mtu hapa Eldoret, duka la mbegu na dawa za mifugo. Mvua imefukuza wakulima wote kwa hivyo niko na nafasi. Sitatia chumvi. Ile niliona kwa macho nitasema niliona. Ile nashuku nitasema nashuku, na mtaona nashuku vitu vingi, ndivyo nilivyo. Mimi hata soda ya bure lazima niulize kwanza nani amelipa.

Kila wiki hapa jukwaani kuna mtu anauliza, "wakuu, work visa ya Gulf inapatikana aje?" Halafu watu wanajazana kumwambia njoo inbox. Hizo inbox ndizo zimenifanya niandike huu uzi.

Hii ni story ya dada yangu mdogo, Dorcas.

Dorcas alisomea catering, akamaliza vizuri, na kazi ikakosekana. Akaanza kupika chapati huko Kesses karibu na hosteli za wanafunzi, yeye na rafiki yake Brigid. Wanafunzi wakifunga shule, biashara inalala. Nyumbani Kimumu tulikuwa mimi, yeye na mama, na mama miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Kwa hivyo msimlaumu akitaka kutoka. Hata mimi ningetaka.

Sasa akaingia Brother Amos.

Huyu Amos hatukumtoa mtandaoni. Tulimjua kambini. Ile 2008, baada ya kura, wakati nyumba zilichomwa, sisi tulikimbia kutoka Ainabkoi tukaishia kwa hema pamoja na maelfu ya watu. Kabila zetu sitaji, mods wasije wakanifungia. Amos alikuwa kijana wa hema iliyopakana na yetu. Ndiye alikuwa akiongoza maombi asubuhi. Akipata unga wa ziada, alikuwa anagawa.

Kama hujawahi kukaa kambini huwezi elewa hii kitu. Watu wa kambi hawaulizani maswali. Mtu mmelala njaa pamoja, mkanyeshewa pamoja, utamwambia leo akuonyeshe license? Ni matusi. Mama alikuwa akisikia jina la Amos anasema "huyo ni mtoto wangu."

Kwa hivyo miaka ikapita, Amos akafungua ofisi hapo town, ghorofa ya pili, poster ya majengo marefu kwa ukuta. Akasema anapeleka wasichana kazi ya hoteli huko Gulf, nchi sitaitaja. Visa ya kazi, nyumba ya kampuni, kila kitu. Na akaanza na watu wa kambi, eti nao wakumbukwe.

Dorcas akaingia. Brigid naye akaingia, ingawa hakuwa mtu wa kambi. Aliingia kwa sababu Dorcas ameingia.

Mimi kitu cha kwanza kilinikaa vibaya ni haraka. Hakuna interview. Hakuna mtu wa hiyo hoteli aliyempigia Dorcas kumuuliza hata kama anajua kukaanga yai. Nikamuuliza Amos hiyo hoteli inaitwaje. Akaniambia hayo ni mambo ya kampuni, atajua akifika. Akanigonga bega akaniambia nipunguze stress.

Nikanyamaza. Lakini nyinyi mnajua mtu wa kushuku akinyamaza hajaacha.

Siku ya training nikamsindikiza Dorcas. Nilidhani wanafundishwa kutandika kitanda, ama kusalimia wageni kwa lugha ya huko.

Wapi.

Wasichana walikuwa wameketi kwa viti vya plastiki, karibu wote nyuso za kambini, watoto niliowaona wakikimbia uchi kwa matope sasa wamekuwa wanawake. Amos amesimama mbele akijifanya ofisa wa uhamiaji. Anamnyooshea mmoja kidole, anauliza kwa Kiingereza unaenda wapi. Msichana anajibu, naenda visit. Kwa nani? Kwa auntie. Auntie anaitwa nani? Grace. Anakaa wapi? Utarudi lini? Ulimuona mara ya mwisho lini? Kila swali lina jibu lake, na wote wamekariri sawa.

Brigid alikuwa anachanganya. Anacheka, anasahau Grace anafanya kazi gani. Amos akamkaripia.

Dorcas alijibu bila kupepesa macho. Hata aliongeza yake, eti auntie ameoperetiwa mguu na anataka mtu wa kumpikia. Amos akapiga makofi akaambia wengine wamuige.

Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango. Nikauliza swali moja tu: kama hii ni visa ya kazi, kwa nini wanaenda kwa auntie?

Amos hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Ndugu yangu, umesahau 2008? Wewe ulipita ile barabara na ukweli?"

Wasichana wengine wakaangalia chini. Mimi nikaacha swali langu hapo.

Wacha niwaeleze kwa nini, ndio msipotee.

Siku ile tulitoka Ainabkoi, mzee jirani alitubeba kwa pickup yake ya maziwa. Yeye alikuwa wa upande ule mwingine, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa chini ya turubai katikati ya mitungi. Mama alijifunika leso akajifanya mgonjwa mahututi. Dorcas, kitoto kidogo cha nursery, aliwekwa mbele kwa sababu alikuwa amekua akicheza na watoto wa majirani na lugha yao alikuwa anaongea kuliko yetu. Mama alimfundisha njiani. Ukiulizwa unaitwa nani, sema Chebet, jina la kwao. Ukiulizwa unaenda wapi, sema kwa kogo, yaani nyanya.

Tulisimamishwa pale barabara ilikuwa imezibwa na mawe. Vijana wakamuuliza mtoto. Akajibu Chebet, akajibu kwa kogo, akaongeza mwenyewe kwamba mama anatapika. Wakafungua njia.

Kwetu nyumbani hiyo ndiyo story kubwa. Mama ameisimulia kanisani mara nyingi, na watu hulia. Na karibu kila familia ya kambi iko na yake kama hiyo. Nani alibadilisha jina, nani alijifanya bubu.

Kwa hivyo mnaona vile Amos alitushika. Mtu mwingine ukimwambia adanganye ofisa wa airport atashtuka. Sisi tulifunzwa kwamba ukisimamishwa, uongo ndio hukufikisha. Hao wasichana walikuwa wanakariri Auntie Grace na roho zimetulia kabisa.

Mimi roho haikutulia.

Pale Kimumu tuko na jirani, Mama Jerop, ambaye binti yake anafanya kazi hoteli huko huko Gulf, mwaka wa tatu sasa. Yeye ni wa upande ule mwingine. Hatukuwa na uhasama, lakini tangu zile siku za 2008 kuna watu unasalimia na unapita. Siku hiyo nilisimama kwa gate yake.

Akanieleza pole pole. Kwamba visa ya kazi hutafuti wewe. Mwajiri ndiye anaanza. Anaomba kibali kwa serikali ya kwao, visa inatoka na jina lako na jina lake kama sponsor. Jerop alihojiwa kwa video na mtu wa hoteli, akatumiwa contract akasoma na kusaini akiwa bado Eldoret, akapimwa hospitali, na agent wake alikuwa kwa orodha ya serikali ya mawakala waliosajiliwa, mtu yeyote anaweza kuangalia. Pale airport aliulizwa unaenda wapi, akasema kazi, akatoa contract, akapita.

Nikamuuliza na hii ya kwenda visit halafu ibadilishwe huko?

Akasema, "Ukiingia kama mgeni, wewe ni mgeni. Siku zikiisha wewe ni mhalifu, na mwenye amekushika anajua hivyo."

Na bado nilimshuku, wakuu, nisiwafiche. Nikitembea kwenda nyumbani nilikuwa najiuliza, huyu mama anapata nini? Pengine hataki wetu waende wapate kama wake. Hivyo ndivyo tumeharibiwa huku. Lakini orodha niliangalia. Ofisi ya Amos haikuwemo.

Nikamwambia Dorcas. Wueh.

Aliniambia mimi nashuku kila mtu, nilishuku hata mwalimu wa kwaya. Kwamba Amos alilala njaa na sisi, Mama Jerop wakati huo alikuwa wapi? Kwamba nataka azeekee kwa chapati za Kesses. Alilia, na mimi niliumia kwa sababu hiyo ya mwisho ilikuwa na ukweli. Sikuwa na kazi nyingine ya kumpa. Na ticket ilikuwa imetoka, safari ilikuwa ni wiki hiyo.

Ikabaki mama.

Nilimkuta nje akichambua maharagwe. Nilijua nikianza kumsema Amos atanifukuza. Kwa hivyo sikumsema. Nilimwambia tu, mama, muite Dorcas akusomee zile maswali za airport.

Mama hakuwa anajua kuna maswali. Akamwita. Dorcas akasimama pale mikono nyuma, akaanza. Mama akiuliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiswahili. Unaenda wapi, kwa nani, anaitwa nani. Alipofika pale kwa auntie ameoperetiwa mguu, mama aliacha maharagwe.

Akasema, "Dorcas, mimi nilikufundisha kudanganya watu waliotaka kutuua. Huyu wa airport anataka kukuua?"

Dorcas akasema hapana.

"Basi Amos anakuficha nani asikuone?"

Dorcas alikaa chini hapo kwa saruji, akaanza kuchambua maharagwe na mama. Siku ya safari ilifika na hakuenda.

Amos alimpigia mama simu akamwambia tumemuaibisha. Mama akamwambia asante mwanangu, akakata.

Kwa Brigid tulijaribu. Dorcas alienda Kesses akamwambia kila kitu, mpaka ile ya sponsor. Brigid akauliza, sasa mbona wewe ndiye ulinileta? Akasema hawezi kurudi nyuma, mama yake ameshatangazia kanisa zima kwamba anasafiri. Akaenda.

Wiki za kwanza alikuwa anatuma picha. Kisha akamwambia Dorcas kwamba hakuna hoteli, ni nyumba za watu, anahamishwa hamishwa, pasipoti ilichukuliwa pale airport na mwanaume aliyekuja kuwapokea. Kisha visa ikaisha. Kisha simu ikazima. Hiyo ilikuwa mwaka jana.

Sasa hii ndiyo sehemu inaninyima usingizi.

Tulienda kituo cha polisi, mimi, Dorcas na mama yake Brigid. Amos akaitwa. Akaja na Biblia yake, mtulivu, akasema yeye alisaidia tu kukata ticket ya mtu aliyekuwa anaenda kutembea. Kwamba Brigid mwenyewe alimwambia ofisa wa uhamiaji hivyo, kwa mdomo wake, na serikali imeandika. Waulizwe.

Ofisa akageukia mama yake Brigid, na wala hakuwa mtu mbaya, akamuuliza huyo auntie anaitwa nani, tuanzie hapo.

Mama wa watu hakujua. Alituangalia sisi.

Dorcas alikuwa anajua. Jina, mtaa, kazi, hata mguu ulioperetiwa, ambao aliutunga mwenyewe. Alisimama akatoka nje, maana hakuna auntie wa kutafutwa.

Hapo ndipo nilielewa ule uongo ulikuwa wa kazi gani. Haukuwa wa kuwapitisha. Ulikuwa wa kumtoa Amos kwa lawama. Kila msichana alijiandikia kesi yake mwenyewe, na Amos anatembea town hadi leo. Ofisi siku hizi inauza magodoro.

Kwa hivyo wewe unayeuliza work visa inapatikana aje, sina mambo mengi. Uliza mwajiri ni nani, jina, kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Kama yeye hajaomba hiyo visa, hakuna visa. Soma contract ukiwa bado nyumbani. Angalia agent kwa orodha ya serikali hata kama ni mchungaji wako, hata kama alikubeba mgongoni 2008. Na akianza kukufundisha cha kusema airport, chukua pasipoti yako utoke, usiage.

Dorcas bado anapika chapati. Wanafunzi wamefungua, biashara iko sawa kidogo. Hakuna siku anapika bila kuweka simu karibu na jiko, ikilia anaruka.

Wenye mko Gulf, msiandike "pole mkuu" mkapita. Andikeni kama mnajua nyumba ama ofisi ambapo wasichana waliokwama huwa wanakimbilia huko, na mtu anaingia aje bila pasipoti. Mama yake Brigid hajui kusoma vizuri, mimi ndiye nitamsomea comments. Anakuja hapa dukani kila Ijumaa.