Arobaini Yangu na Majibu ya Wanawake Wengine

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Garissa wakati wa joto la Machi, lile linalowalaza hata mbuzi wa sokoni chini ya magari, na mimi sikumpenda. Nasema waziwazi kwa sababu nilikaa nalo moyoni hadi likaanza kunila. Nilimnyonyesha, nilimwosha, nilimfunika chandarua. Nikimtazama nilimwona kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike kidogo, na jirani mwenyewe harudi.

Kwetu mzazi hatoki nje hadi arobaini iishe. Mama yangu alikuja kutoka Sangailu kunitunza, shangazi akahamia na godoro lake, nyumba ikajaa wanawake, maziwa ya ngamia, supu ya mbuzi na moshi wa ubani. Kila aliyeingia alinipongeza. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema mwalimu mwenzangu wa shuleni, nami nikatabasamu. Ningesema nini? Kwamba uchungu huo mimi sijausikia?

Hospitali ndiyo ruhusa ya pekee. Siku ya chanjo muuguzi aliona jinsi nilivyomkabidhi mtoto haraka, akaniuliza mawili matatu, kisha akanipeleka kwa mshauri, dada kijana kutoka Kitui. Alikuwa na kishkwambi chenye programu. Akanieleza kwamba imekusanya majibu ya wagonjwa wengi wa sonona, ile huzuni isiyoondoka, bila majina yao, pamoja na tiba iliyomsaidia kila mmoja. Ukijibu maswali, inatafuta waliofanana nawe na kukuchagulia mazungumzo yaliyowafaa. Nilipenda. Mimi ni mwalimu, napenda jambo lenye sababu.

Nikajibu kweli tupu. Umetoka nyumbani wiki hii? Hapana. Umemtembelea rafiki? Hapana. Umefanya kazi uliyokuwa ukiipenda? Hapana. Programu ikaamua kwamba nimejifungia, na tiba ya aliyejifungia ni kutoka: nitembee kila asubuhi, niende sokoni, niyarudie mambo yangu kidogo kidogo.

Kesho yake nikatoka. Sikufika hata kwenye duka la kona. Muuza maziwa, mama mtu mzima, alinishika mkono akanirudisha, njiani akiniuliza kama nimefukuzwa na mume au nimerukwa na akili. Nyumbani shangazi akanipa vipande vyangu. Mama alinipangusa vumbi miguuni, na hilo likaniumiza kuliko maneno ya shangazi. Nikalala nikiuelekea ukuta, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba ingekuwa heri mtoto huyu awe na mama mwingine, yeyote yule, na mimi nisiwepo. Wazo lile liliniogopesha.

Nikarudi kwa mshauri nimefura. "Programu yako haijawahi kuzaa," nikamwambia. "Na kama imezaa, haikuzaa Garissa."

Alikiweka kishkwambi kando akaomba nimweleze arobaini. Nikamweleza kwa ukali, kama ninavyolieleza darasa linalopiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wengi wa wale ambao programu ilijifunza kwao ni watu wa kwingine, na kwao kukaa ndani ni dalili ya ugonjwa. "Kwako ni heshima, na programu haikujua kuuliza. Hata mimi sikuuliza, mwalimu. Nisamehe."

Hasira ikapungua nusu. Sikuzoea kuombwa radhi ofisini. Nikamweleza pia lile wazo la ukutani, akanisihi nisilale nalo peke yangu tena, nimpigie simu saa yoyote.

Akarudia maswali, safari hii akiyaacha yale ya kutoka. Moja likabaki limesimama: kuna mtu unayeweza kumwambia linalokuumiza? Nyumba yangu ilikuwa imejaa wanawake, na jibu lilikuwa hapana. Waliofanana nami kwa hilo, akasema, walisaidiwa na mazungumzo kuhusu watu wao wa karibu, na hatua ya kwanza ni kumwambia mmoja. "Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa," nikamjibu, "na hiyo ndiyo shida yenyewe." Tulicheka, mimi nikaishia kulia.

Nilimchagua mama. Ilikuwa alasiri, shangazi ameenda matangani, mama anamkanda mtoto kwa mafuta ya simsim. Nikayasema yote kwa pumzi moja, nikingoja laana. Hakuacha kukanda.

"Hooyo," akaniita, yaani mama kwa Kisomali; mama zetu huwaita watoto kwa neno lile lile tunalowaita wao. "Wewe ulizaliwa mwaka wa ukame. Nilikunyonyesha nikitazama kwingine. Nilimwomba Mungu asiyaone yaliyomo moyoni mwangu, na Yeye huona yote. Mpaka ukaota meno."

"Halafu?"

"Ukaniuma. Nikapiga kelele, nawe ukanitazama kwa hasira hiyo hiyo uliyo nayo hadi leo. Nikacheka. Nikakupenda siku ile."

Nilidhani nitaumia kusikia kwamba sikupendwa. Badala yake nilipumua vizuri. Sikumpenda mwanangu alasiri ile, nisidanganye, lakini nililala naye kifuani bila kuhesabu dakika za kumrudisha, na wiki kwa wiki, kwa mazungumzo na mshauri, akaacha kuwa wa jirani.

Arobaini ilipokwisha mama alinisindikiza kwa mshauri. Dada yule akaniuliza kama majibu yangu yanaweza kuchanganywa na ya wengine, bila jina, pamoja na habari ya arobaini, ili mzazi mwingine wa huku asiambiwe atembee sokoni. Nikakubali. Mama, asiyejua Kiswahili, akataka nimfasirie. Nikamfasiria. Akaliweka shungi lake sawa.

"Mwulize kama na yangu wanayataka," akasema. "Ni ya zamani sana. Lakini mimi sikuwahi kuulizwa."