Jani la Njia Panda ya Pugu

Nakumbuka Jumapili ile, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na nikisema hivi mama yenu hununa hadi jioni. Anune tu. Siku ya harusi nilijua ninachofanya. Jumapili ile sikujua.

Nasikia Jumamosi hii mnakwenda kutembea msitu wa Pugu, mpige picha kwenye mapango, na shangazi yenu mwenye goti bovu mmemwahidi kumchukua. Vizuri sana. Ila kabla hamjaondoka, kaa hapa unisikilize. Mimi nitasimama. Unanijua, kikombe cha chai hakinimalizikii nikiwa nimekaa.

Basi huo wasiwasi wa miguu unaouona leo, uzidishe mara kumi ndipo unipate mimi, Aminieli wa miaka ile. Nilikuwa kwa baba mdogo, Kariakoo, kwenye duka la vitenge, lakini dukani penyewe sikai. Kazi yangu ilikuwa kukamata wateja barabarani na kuwapitisha vichochoroni hadi kwetu kabla jirani hajawaona. Ninyi siku hizi mnawaita mawinga. Na kazi ile ina kanuni moja: usigeuke nyuma. Ukigeuka, mteja anapata nafasi ya kusita. Wewe nenda, ongea huku unatembea, mwenye shida na kitenge atakufuata mwenyewe. Nilitembea hivyo miaka minne, nikasahau kwamba kuna mwendo mwingine.

Mwaka huo baba yangu akaja kutoka Kibosho kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Alipangiwa upasuaji baada ya wiki mbili, akawa anasubiri kwetu, chumba cha nyuma ya duka. Sasa fikiria mzee aliyezoea utulivu wa migomba, umweke Kariakoo kwenye honi na mikokoteni na watu wanaonadi kwa kupokezana. Hakulalamika. Alikaa mlangoni na fimbo yake, anageuza kichwa huku na huku kama kuku mgeni. Siku ya sita akaniambia anaomba kitu kimoja tu, nimpeleke mahali penye miti akapumue.

Nikachagua Pugu, Jumapili baada ya ibada. Lakini, mwanangu, hata siku hiyo ya baba yangu niliikata vipande. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Zambia, anasafiri kesho yake, nikamwahidi kwamba saa tisa nitakuwa dukani nimfungulie achague mzigo. Kwa hiyo tunaingia msituni, mimi moyo uko Kariakoo.

Baba alifurahi mno. Kila hatua chache anasimama. Tulipofika kwenye magofu ya kiwanda cha udongo mweupe, ule waliokuwa wanachimba kule tangu zama za wakoloni, akaupapasa ukuta taratibu, vidole vikakuta mizizi, akaniuliza ni mti gani umeota ndani ya nyumba. Nikamwambia mti tu, Baba, twende. Akataka kujua mapango yako wapi, yalichimbwa na nani, popo wanatoka saa ngapi. Mimi naangalia saa. Nikataka kumshika mkono ili twende haraka, akautoa mkono wake.

"Mimi si mbuzi wa mnadani," alisema. "Wewe tangulia kama una haraka. Ila funga njia."

Kufunga njia ni jambo la kwetu, na baba ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo. Ukimtangulia mtu, ukifika njia panda unavunja kitawi chenye majani, unakilaza kwenye ile njia ambayo hukuipita. Anayekuja nyuma akikuta jani, anajua huku kumefungwa, anashika nyingine. Hata asiyeona anaweza kulipapasa kwa fimbo. Ni kazi ya kuinama mara moja.

Njia panda ya kwanza niliinama. Ya pili niliinama. Ya tatu nilikuwa napiga hesabu ya muda wa kumwahi yule mama wa Zambia, miguu ikapita yenyewe. Nilipofika mdomoni mwa pango, ule ubaridi unaotoka ndani ukanipiga usoni, nikafurahi kwamba tumefika mapema. Nikageuka kumwambia baba.

Hakukuwa na mtu.

Kwanza nikasema anakuja. Kisha nikaita. Kisha nikarudi, mara natembea, mara nakimbia, mpaka njia panda ya tatu, na pale ndipo nikakumbuka kwamba sikuweka kitu. Mwanangu, niliogopa. Njia ile nyingine inaelekea kwenye mashimo ya zamani ya udongo, mengine marefu kuliko nyumba hii, na baadhi yana maji chini. Nilikimbia huku najisemea maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi yalinijia siku hiyohiyo.

Nikamkuta amekaa chini. Udongo pale ni mweupe, suruali yake yote imechafuka. Fimbo ameilaza mapajani. Hatua tatu mbele yake ardhi ilikuwa imekatika, shimo tupu. Akanieleza baadaye kwamba fimbo ilipapasa mbele, isiguse kitu, ndipo akakaa palepale asisogee tena.

Nilitaka anipige. Alikuwa na fimbo, angenipiga. Yeye akanyoosha mkono nimwinue, na tulipokuwa tumesimama akasema hivi, bila hasira yoyote:

"Nilipapasa njia zote mbili, hakuna iliyofungwa. Nikasema basi zote zinafika."

Tulirudi mjini kwa mwendo wake. Yule mama wa Zambia alishaondoka, na sikumkumbuka hadi kesho yake.

Sasa kwetu Uchagani ukimkosea mkubwa kiasi hicho huendi kwake na mdomo mtupu. Unakwenda na jani la isale, umelifunga fundo, unampa kwa mikono miwili, na anayepewa isale hawezi kukunyima msamaha. Jumatatu nzima nikalitafuta. Kariakoo ile niliyojitapa naijua kama kiganja changu, yenye kila kitu, haina isale. Wauza dawa za asili wakanipa magome, wakanipa mizizi, mmoja akataka kuniuzia hirizi. Niliuliza hadi watu wakaanza kunicheka. Mwishowe mama mmoja wa Kihindu, mteja wetu wa Upanga, alipokuja dukani kwa kitambaa akanisikia nikieleza lile jani lilivyo. Akasema kwenye ngazi za ghorofa lao upo mti kama huo, ameupanda kwenye debe kwa uzuri tu. Nikamfuata kwa miguu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Hakuniuliza jani ni la kazi gani, aliniambia tu nichague lililo zuri.

Jioni nikapiga goti mbele ya baba. Akalipokea, akalipapasa lote kuanzia kwenye kikonyo, vidole vikafika kwenye fundo vikakaa hapo. Nilikuwa nalia, sifichi.

"Nimesamehe," akasema. "Ila jani moja pale njia panda lingetosha, Aminieli. Hili lisingekuwa na kazi."

Macho yake yalitengenezwa, ashukuriwe Mungu. Walipomfungua bandeji alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema nimekonda. Aliishi miaka mingine kumi na moja. Nami katika miaka yote hiyo sikuwahi kutembea mbele yake bila kugeuka, hata ndani ya nyumba.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Kutangulia si kufika. Una nguvu, una haraka, una mahali pa kuwahi, na hilo si kosa. Mimi mwenyewe mpaka leo sikai. Tangulia. Lakini ukishatangulia, anayekuja nyuma yako hana njia nyingine ya kujua isipokuwa alama unayomwachia, na asipoikuta hatakushuku wewe. Ataamini kwamba kote ni salama. Inama umwekee, hata kama hakuna anayekuona. Kuomba radhi kunapokelewa, ndiyo, ila utazunguka mji mzima kutafuta kile ulichokikanyaga bure njiani.

Shangazi yenu Jumamosi atasema msimsubiri. Msimsikilize. Mungu awape miguu mizima ya kufika mbali, na awape shingo nyepesi ya kugeuka. Nendeni na baraka zangu.