Beberu Aliyechinjiwa Mhariri

Kutoka Kabati hadi Tseikuru hakuna mwanamke aliyehudhuria mechi nyingi kuliko aandikaye haya. Ila haki isemwe: miaka kumi na mitatu alikuwa nyuma ya goli akiuza uji, na mpira alioujua vizuri ni ule ulioangukia sufuria. Basi anayestahili kusimuliwa ni Ndululu Mbuvi.

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Agosti 1987. Ndululu amesimama kando ya uwanja wa Kabati, daftari mkononi, suruali yake ya kanisani imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Uwanja hauna nyasi tangu mvua ya Aprili ikatae kuja. Mchezaji akianguka vumbi linamfunika, na refa anangoja litulie ndipo aamue.

"Mimi naandika nilichoona," anasema Ndululu, mwenye miaka hamsini na mmoja. "Vumbi ikizidi, naandika nilichosikia."

Kwa miaka kumi na tisa amelipelekea gazeti moja la Nairobi matokeo ya mpira wa Kitui na Makueni. Hajaajiriwa. Hulipwa senti arobaini kwa kila mstari unaochapwa, na mwezi ulionona sana humpa shilingi mia mbili na kitu.

"Wakikata mistari wamekata unga," anasema mkewe, Mbinya. "Kuna Jumatatu walichapa 'Kabati mbili, Tseikuru sifuri', basi. Mstari moja. Nikamwambia, Baba Mutindi, leo tutakula hiyo sifuri."

Leo mambo yanaweza kugeuka. Gazeti linatafuta mwandishi mmoja wa kudumu wa sehemu hizi, kwa mshahara wa shilingi elfu moja mia tisa. Mhariri wa michezo, Bwana Irungu, alishuka basi jana jioni kuja kumwona Ndululu akifanya kazi, amjazie fomu, aondoke. Mutindi, bintiye wa kidato cha tatu, yuko nyumbani wiki ya tatu sasa kwa kukosa karo. Anajua kwa nini mgeni amekuja. Ameufagia ua mara mbili.

Lakini mhariri hakuja mikono mitupu. Mfukoni ana barua kutoka Tseikuru, haina jina, inayosema mwandishi wa Kabati amenunuliwa.

Jambo lenyewe lilitokea Mei. Beki wa Kabati aliuparamia mguu wa Kiema, winga wa Tseikuru, ukavunjika. Uwanja mzima ulisikia, hata nyuma ya goli, kwenye uji. Gazetini Ndululu aliandika: "Kiema aliumia kidogo akatolewa nje."

Refa naye hakuandika kitu, na wakubwa wa ligi husoma gazeti. Beki hakufungiwa. Kiema hakupata hata senti ya matibabu, na siku hizi anachunga mbuzi akijikongoja na fimbo.

"Nilisomewa hiyo habari nikiwa kitandani hospitali," anasema Kiema. "Nikauliza nesi, hii 'kidogo' ni ya mguu gani?"

Siku tatu baada ya mechi hiyo, beberu mweusi aliletwa kwa Ndululu. Alitoka kwa Mzee Kisilu, mfanyabiashara wa ndengu na mwenyekiti wa timu ya Kabati.

"Hakusema ni ya nini," Ndululu alimwambia mkewe.

"Na wewe hukuuliza," Mbinya akajibu, akamfunga beberu.

Sasa ni mapumziko. Mbuzi wa Kisilu wanakatiza katikati ya uwanja kama kawaida yao. Kwa mbali Ndululu anamwona mzee amemshika mmoja sikio, anamweleza mgeni jambo, wote wawili wanacheka. Anafurahi. Mgeni anayecheka ni mgeni anayetia sahihi. Mechi ikiisha anakimbilia posta kupiga simu ya matokeo, kisha anamchukua Irungu kwenda nyumbani kula.

Kuhusu chakula, Mbinya alikuwa amesema mapema: "Chinja kuku."

"Mtu atoke Nairobi kuniandika kazi, nimpe kuku?" Ndululu alimuuliza. "Atanionaje?"

Mgeni wa namna hiyo kwa Wakamba ni mbuzi, hakuna mjadala. Na zizini mbuzi alikuwa mmoja tu. Wengine walikwisha kwenye njaa ya themanini na nne, watu walipokuwa na pesa mkononi na mahindi hayapo dukani. Kwa hiyo beberu mweusi alichinjwa alfajiri. Ngozi imewambwa ukutani, kichwa kiko juu ya jiwe uani, kinangoja kubabuliwa kwa ajili ya supu.

Irungu anakula, anaongezewa, anakula tena. Kisha anatoa fomu na kusoma swali la sita kwa sauti.

"Umewahi kupokea kitu chochote kutoka kwa timu unayoiandika?"

"Hapana," anasema Ndululu. "Hata soda."

Mbinya anainua sufuria kuipeleka jikoni. Sufuria bado ina nyama.

"Na mshahara wa kwanza utaufanyia nini, Mzee?"

Hapa Ndululu hahitaji kutunga. "Nirudishe huyu msichana shule. Halafu nishike basi ya Tseikuru. Kuna kijana huko nataka kumwandika upya."

Irungu anamtazama kidogo, anaandika, anafunika kalamu. Anatoka uani kunawa. Mutindi anammiminia maji.

"Nyama tamu," anasema mhariri. "Huyu ulinunua mnada gani?"

"Kununua?" Ndululu anacheka. "Amezaliwa hapa hapa. Mama yake alikufa na ukame, tukamlea na chupa kama mtoto."

Mutindi anaacha kumimina.

Irungu anachuchumaa karibu na jiwe. Analiinua sikio la beberu kwa vidole viwili. Ncha imekatwa, na chini yake ukingo umechongwa mapengo mawili kama meno.

"Ukoo wenu mnakata hivi?"

"Hivyo hivyo, Bwana Irungu. Tangu babu."

"Mzee Kisilu alinionyesha hii alama asubuhi," anasema Irungu, bila ukali. "Alisema ni ya ukoo wake peke yake. Hata mbuzi akipotea mpaka Tseikuru, mtu ataangalia sikio ajue ni wa nani."

Anaifungua kalamu tena.

"Turudie swali la sita, Mzee Ndululu."

Ua umefagiwa mara mbili. Hakuna vumbi la kungoja litulie.