Benki Ilinunua Friza, Ikapata Picha

Saa tatu asubuhi, Sombetini. Jamaldini anazima pikipiki mbele ya kibanda cha juisi, anavua helmeti, halafu anabaki amekaa palepale kama mtu aliyesahau kilichomleta. Hajasahau. Amechoka tu.

Kazi yake ni kufuatilia wateja waliokwama kulipa madeni katika benki moja ya Kiislamu hapa Arusha. Benki haikopeshi kwa riba. Inanunua kitu, inamuuzia mteja kwa faida, mteja analipa kidogo kidogo. Hafidha, muuza juisi ya ukwaju, aliuziwa friza kwa milioni moja na laki mbili. Miezi minne sasa hajalipa hata mia.

"Shikamoo kaka Jamal! Mbona umekonda, hawakulishi huko benki?"

"Marahaba. Nyie ndio mnanikondesha."

Hafidha anacheka. Jamaldini hacheki. Meneja ameshamwambia wazi: madeni mabovu yasipopungua kufikia Desemba, mkataba wake ndiyo basi. Nyumbani ana watoto watatu.

"Wale wa mkopo wa kikundi, wanaokukopesha kwa riba, umewalipa?"

"Nimewalipa."

"Sisi je?"

"Kaka, wale ukichelewa siku moja, wanabeba mpaka godoro! Nyie faini yenu inaenda kwa mayatima, na mtu akilia shida mnamsamehe. Ungekuwa wewe, ungeanza na nani?"

Wateja wote wa Jamaldini, Ngaramtoni mpaka Terrat, wanamwambia hivyohivyo.

"Upole wetu ndio unatuweka mwisho wa foleni," anasema. "Ukimbana mtu, anakuuliza kama wewe ni Mwislamu kweli."

Anaomba kuiona friza. Ipo, nyeupe, inanguruma nyuma ya pazia. Anainua simu apige picha, mara mlango wa nyuma unagongwa kwa fujo.

"Hafidha! Fungua nitoe sato wangu, wateja wamejaa!"

Ni Anande, jirani muuza samaki. Anaingia, anafungua friza, anajaza beseni, kisha anamkazia macho mgeni. "Unapiga picha ya nini? Friza yangu siuzi. Hapa nimeomba nafasi tu, chumba changu kidogo."

Jamaldini anashusha simu.

Yaani friza ya benki haikuwahi kununuliwa. Kwa haraka ya kupata wateja wengi, benki ilimpa Hafidha hela akanunue kwa niaba yake, ikaridhika na picha ya WhatsApp. Picha yenyewe ni ya friza hii ya Anande.

"Mngeninunulia friza, ningekuwa na friza," Hafidha anasema taratibu. "Mlinipa hela mkononi, huku mama akisubiri upasuaji."

Jamaldini anakaa kwenye kreti ya soda, anampigia meneja. Hamsemi vibaya Hafidha, wala hafichi.

"Bosi, friza haipo. Haikuwahi kuwepo. Sasa ile mashine ya kusaga anayoomba mteja wetu mpya, mzee Sironka, usimpe hela. Dukani naenda mwenyewe, nainunua, naishika, ndiyo namkabidhi."

"Utaweza wateja wangapi kwa mtindo huo?"

"Wachache. Lakini watakuwa na vitu."

Meneja anamwambia arudi ofisini, waongee. Hasemi kama amekubali.

Hafidha anachomoa elfu tano kwenye khanga. "Anza na hii. Kesho utapita?"

"Nikiwa bado na kazi," Jamaldini anamjibu, anawasha pikipiki.